Tepu Nyeusi Juu ya Taa ya Breki

Ninaikumbuka siku ambayo mjomba wangu Faki aliuweka ufunguo wa gari kwenye jamvi mbele ya baba yangu, akasema hataliendesha tena. Ilikuwa asubuhi. Baba amekaa barazani na wageni wake, wanunuzi wa pweza waliotoka Kilindoni, na mimi natoka jikoni na birika la chai. Nilisimama mlangoni, birika mkononi, nisijue nirudi ndani au niendelee kumimina, kwa kuwa sikuwahi kumwona mtu akimkatalia baba jambo mbele ya wageni.

Mwanangu, wewe unayejifunza kuendesha sasa umezaliwa umeikuta lami kutoka Kilindoni mpaka hapa Utende, na magari yanapita mpaka kuku wameyazoea. Wakati wa ujana wangu njia ile ilikuwa mchanga na mawe, na mtu akisikia mngurumo alitoka nje kutazama ni nani anapita. Mara nyingi alikuwa ni baba. Mzee Hatibu ndiye mtu wa kwanza wa mtaa wetu kuwa na gari lake mwenyewe, pikapu ya rangi ya samawati iliyoshushwa kutoka bara ikiwa imekwishatumika vya kutosha. Alinunua samaki hapa Utende akawapeleka Kilindoni, na abiria wakapanda humo humo, juu ya matenga. Alilipenda gari lile. Jioni alilizunguka na kitambaa akilifuta vumbi, na usoni alikuwa na upole ambao sisi watoto wake hatukuuona alipotutazama. Mungu amrehemu. Ni baba yangu, na nitayasema yake yote.

Baba mwenyewe hakujua kuendesha. Aliyeendesha alikuwa mjomba Faki, kaka yake mama, mtu wa kisiwa cha Chole, aliyejifunza udereva bara kwenye mashamba ya mkonge. Kila asubuhi alivuka kwa mtumbwi, suruali ameikunja magotini na viatu kavishika mkononi, akanawa miguu kwa kata ya maji ndipo akapanda garini. Mama alikuwa akimtania kwamba anaingia garini kama anayeingia msikitini. Mjomba alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka polepole.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuzisoma taa za gari. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nasuka mikeka na kwenda kuiuza Kilindoni, na nafasi ikipatikana alinikalisha mbele. Kabla hajaliwasha gari aliuzungusha ufunguo nusu, akaondoa mkono.

"Zisome, Zuhura," aliniambia.

Taa zikawaka zote kwenye dashibodi. Akanionyesha ile nyekundu ya oili yenye umbo la birika dogo, akaniambia hiyo ikiwaka njiani gari lizimwe pale pale, hata kama ni katikati ya pori, maana injini bila oili inajitafuna yenyewe. Akanionyesha ya betri. Akanionyesha ya joto, na kunionya nisije nikaufungua mfuniko wa rejeta gari likiwa bado linafoka. Kisha akaliwasha, na taa zikazimika moja baada ya nyingine, akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, ziwake zote kwanza ujue kwamba hazijafa, kisha zizimike. Akaishia kwenye duara jekundu lenye alama ya mshangao katikati.

"Hii ni ya breki. Ukivuta breki ya mkono inawaka, hiyo haina neno. Ukiishusha breki ya mkono na yenyewe bado inawaka, teremka."

"Nikishateremka?"

"Usipande tena mpaka itengenezwe."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na mwanamke kuendesha gari hapa kisiwani lilikuwa jambo la kuchekesha hata kulifikiria. Lakini maneno yale yaliniingia.

Basi taa ile ikaja kuwaka. Mjomba akaingia chini ya gari, akakuta tairi moja la nyuma limelowa kwa ndani. Mafuta ya breki yalikuwa yanavuja, na mpira mdogo unaoyazuia ulikuwa umechakaa. Kilindoni haukupatikana. Ulitakiwa uagizwe Dar es Salaam, jambo ambalo mtu yeyote anayesafiri angeweza kutumwa. Akamwambia baba. Baba akasema utaagizwa. Boti zikaenda bara na kurudi, na kila mjomba alipouliza aliambiwa boti ijayo. Mjomba akawa anaongeza mafuta ya breki kila asubuhi na kuendesha kama aliyebeba mayai. Mwishowe, asubuhi ile ya wageni, akachoka.

"Shemeji," alimwambia baba, "nimekwambia zaidi ya mara moja. Gari linavuja mafuta ya breki na taa haizimiki. Mpira ukija niite. Kabla ya hapo siliendeshi."

"Gari linatembea halitembei?" baba akauliza, macho yake kwa wageni.

"Kutembea linatembea. Nisemacho mimi ni kusimama."

Mgeni mmoja akacheka. Hakuwa na nia mbaya, jibu lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Lakini baba alikisikia kicheko kile kama kwamba kimeelekezwa kwake, nikamwona shingo inamvimba.

"Umekuwa mwoga, Faki," akasema. "Taa ndogo kama punje ya mtama inakutoa kazini. Nenda kapumzike kwako. Wapo wanaojua kuendesha."

Mjomba alivaa kofia yake, akatuaga sote, akashuka ufukweni kwenye mtumbwi wake. Ufunguo ukabaki kwenye jamvi. Baba hakuushika. Aliniagiza nikamwite mume wangu.

Mume wangu aliitwa Bakari. Alifiwa na baba yake angali mdogo, na tangu aliponioa alimpenda baba yangu kwa namna ambayo mimi mwenyewe sikumpenda. Akisifiwa na baba, siku nzima alikuwa na furaha. Udereva alifundishwa na mjomba Faki, leseni yake ilikuwa mpya. Alipoitwa akapewa ufunguo mbele ya wageni, aliupokea kwa mikono miwili.

Nyumbani nilimkabili. Nilimwambia anajua taa ile maana yake nini, kwa kuwa aliyenifundisha mimi ndiye aliyemfundisha yeye.

"Baba kasema mpira unakuja," akanijibu.

"Na kabla haujaja?"

Alikunakuna ukuta kwa kucha. Kisha akasema, "Zuhura, na mimi nikimkatalia, nitakuwa nani katika nyumba hii?"

Nikaenda kwa baba mwenyewe. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwa adabu yote niliyolelewa nayo kwamba gari lile ni la hatari. Hakunigombeza sana. Aliniuliza tu tangu lini mambo ya gari yakawa ya jikoni, na mama akanivuta khanga kwa nyuma niondoke.

Mwanangu, nimeishi sana na neno lile. Niliijua taa. Mume wangu aliijua. Mjomba aliijua kuliko sote. Baba alielezwa na mjomba, akaelezwa na mimi. Hapakuwa na mtu asiyejua.

Ikatokea mwalimu mmoja aliyekaa mbele akauliza ile taa nyekundu ni ya nini, kwa nini haizimiki. Bakari akababaika. Habari ikamfikia baba, akamwambia Bakari aitafutie dawa taa ile isiwatishe abiria. Dawa yenyewe, mwanangu, ilikuwa kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme. Bakari alikikata kwa meno, akakibandika, akakipapasa kwa kidole gumba mpaka kikakaa sawa. Ukikaa mbele ulikiona, cheusi juu ya dashibodi ya kijivu, na baada ya siku chache hukukiona tena, kilikuwa sehemu ya gari.

Mafuta ya breki nayo yakaisha madukani Kilindoni. Mtu mmoja akamwambia Bakari kwamba maji ya sabuni yanafaa kusukuma siku, yeye aliwahi kuona yakitumika. Nilimwona asubuhi akikoroga sabuni ya kufulia kwenye kopo na kumimina. Nilimwambia neno moja tu, jina lake. Hakugeuka.

Sasa nikuambie habari ya Hawa.

Hawa alikuwa mdogo wangu, aliyenifuata ziwa moja. Alikuwa na akili ya shule tangu utotoni, akisoma hata karatasi zilizofungiwa sukari, na akicheka alijiziba mdomo kwa kiganja kwa sababu ya pengo la mbele. Mwaka ule alichaguliwa kwenda bara kusomea ualimu. Kwetu hapakuwa na mwanamke aliyewahi kufika huko. Mama alilia kwa furaha, akalia tena kwa hofu ya baridi ya bara, akamfumia sweta la uzi mzito ambalo hapa kisiwani huwezi kulivaa hata kwa kujaribu.

Siku ya safari baba alitaka Utende nzima ione. Pikapu ilioshwa mpaka chini ya magurudumu. Baba alivaa kanzu mpya na koti, akaketi mbele karibu na dereva. Hawa na mimi tulipanda nyuma, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, sanduku lake la bati likiwa katikati yetu. Nilikuwa namsindikiza mpaka kwenye boti.

Mjomba Faki alivuka kutoka Chole kuja kumuaga. Alisalimiana na watu, kisha akaja dirishani kwa dereva, akachungulia ndani. Aliiona tepu. Nilimwona alivyoiona, kwani aliinua mkono kana kwamba anataka kuibandua, akaurudisha. Akaja nyuma tulipokaa.

"Hawa, teremka," alisema kwa sauti ya chini. "Boti zipo siku nyingine. Nitakutafutia gari jingine mimi mwenyewe."

Baba akalisikia. Akatoa kichwa nje ya dirisha. "Faki! Usimtie mtoto wangu nuksi siku ya safari yake!"

Hawa akamtazama baba, akamtazama mjomba. Alikuwa msichana aliyelelewa vizuri, na msichana aliyelelewa vizuri hateremki garini baba yake akiwa amekaa mbele. Aliinama, akaubusu mkono wa mjomba.

"Niombee dua, mjomba," akasema.

Tukaondoka.

Njia yote ilikuwa salama. Barabara ya mchanga haihitaji breki sana, gari linajisimamisha lenyewe. Hawa alizungumza mfululizo. Aliniuliza kama ni kweli huko bara asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara. Aliniahidi kwamba atakaporudi atanifundisha kuandika vizuri, maana mwandiko wangu ulikuwa wa kubahatisha. Tulikula pamoja mkate wa kumimina aliofungiwa na mama. Nakumbuka hata kwamba tulimsahau mjomba na maneno yake.

Wewe unaujua mteremko wa kushuka pwani pale Kilindoni, penye boti. Siku ya safari, chini yake panajaa watu, wanawake wanaokaanga samaki, wapagazi na magunia, abiria wamekaa juu ya mizigo wakiwanyonyesha watoto. Tulipoanza kushuka nilihisi gari halipunguzi mwendo. Nikamsikia Bakari akipiga pedali, mara moja, tena, tena, sauti ya chuma juu ya chuma, kitu kisichoshika popote. Akavuta breki ya mkono, ikalia, haikushika. Nikamsikia baba akipiga kelele, "Simamisha! Bakari, simamisha!"

Yule aliyesema gari linatembea, sasa anaomba lisimame. Nisamehe, mwanangu. Hata leo ulimi wangu unachelewa kuwa na huruma hapo.

Bakari alikuwa na nafasi ya kuchagua ndogo kuliko kufumba jicho. Mbele yake walikuwa wale watu wote. Alikata usukani, akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo kando ya njia. Pwani hakuguswa mtu. Pikapu ikapanda ule ukingo kwa gurudumu moja, ikapinduka, ikalala kwa ubavu. Ulikuwa ubavu wa Hawa.

Sitakueleza zaidi. Mimi nilirushwa mchangani nikavunjika mguu, huu ninaouburuta, ambao nyinyi watoto mnadhani ni uzee. Nilikuwa bado nimekishika kishikio cha sanduku. Sanduku lenyewe halikuwepo.

Baba alitoka na mchubuko kwenye paji la uso. Bakari alikaa chini, mikono juu ya kichwa. Akaja askari, kijana wa bara, mwenye adabu. Baada ya Hawa kutolewa na kufunikwa, aliinama akachungulia ndani ya gari. Akaiona tepu. Akaibandua kwa ukucha. Ufunguo ulikuwa bado mahali pake, na ile taa ilikuwa inawaka.

"Nani aliyeibandika hii?" akauliza.

"Mimi," Bakari akasema.

"Kwa nini?"

Bakari akamtazama baba. Sote tuliokuwa pale tulimwona akimtazama. Baba alikuwa amesimama na kanzu yake imejaa vumbi, watu wawili wamemshika mikono kwa kuwa ni mfiwa.

"Mimi si dereva," baba akasema. "Mambo ya taa siyajui. Hakuna aliyeniambia kwamba gari ni bovu."

Nilikuwa nimelazwa juu ya mkeka nasubiri kupelekwa hospitali. Nikasema, "Aliambiwa." Sauti haikutoka vizuri, nikarudia, "Baba, uliambiwa." Mwanamke mmoja akaniziba mdomo kwa khanga yake, akidhani naweweseka.

Nilipoweza kutembea kwa gongo nilikwenda kituoni nikayasema tena. Mjomba naye alikwenda. Wale wageni wa pweza walipoulizwa wakasema walichokisikia wao ni ugomvi wa mashemeji, mambo ya breki hawayakumbuki. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaniita. Hawakuniita mwongo. Waliniambia mzee ameshafiwa na mtoto, je, ninataka na yeye afungwe? Niliwauliza mbona kufungwa kwa Bakari hakuwaumizi. Mmoja akajibu kwamba Bakari ni kijana, atatoka angali na nguvu. Mama yangu alikaa muda mrefu bila kusema nami, akinipakulia chakula na kukisukuma kuelekea kwangu kwa ukingo wa kawa.

Bakari mwenyewe alinikatia njia. Mbele ya hakimu alisema yeye ndiye dereva, yeye ndiye aliyeibandika tepu, yeye ndiye aliyemimina maji ya sabuni, na hana la kuongeza. Yote yalikuwa kweli. Akafungwa. Alipotoka hakurudi Utende. Alimtuma kaka yake aniletee talaka, na nilipomuuliza yule kaka kosa langu nini, akaniambia Bakari anasema sina kosa, ila sura yangu ni ya Hawa, na hawezi kuamka kila siku akaikuta.

Mjomba Faki ndiye waliyemgeuzia kibao. Wakasema ana mdomo. Wakasema alimtakia mtoto mabaya hadharani na yakawa. Wengine hawakutaka kupanda naye mtumbwi mmoja kuvuka Chole. Kuna mama aliyewahi kuwaficha watoto wake nyuma ya mlango alipopita. Mtu aliyesema ukweli mapema, watu wakamwogopa kama kwamba yeye ndiye aliyeleta ajali. Hakujitetea, na usukani hakuushika tena mpaka anakufa.

Nilivuka kumtembelea siku moja, nikamkuta anamenya muhogo. Nilimuuliza kama ana hasira na baba. Nilitaka aseme ndiyo, ili nisiwe peke yangu. Alifikiri, kisu kimetulia mkononi.

"Ningemshusha kwa nguvu," akasema. "Nilikuwa na mikono, Zuhura. Nilisema nikaona nimemaliza."

Ndivyo ilivyo. Aliyekuwa na haki ndiye aliyekonda kwa majuto, na aliyekuwa na kosa aliendelea kunenepa. Baba aliheshimiwa. Aliitwa kusuluhisha ndoa za watu. Waliokuja kumpa pole kwa ajili ya Hawa, hata miaka mingi baadaye, walimwambia ilikuwa imeandikwa, naye akaitikia kwa kichwa. Mimi ninaamini kwamba ajali ya binadamu inaandikwa. Lakini najua pia kwamba ule mpira haukuagizwa, na hilo halikuandikwa na Mungu.

Alipougua ugonjwa wa mwisho nilimuuguza mimi, kwa kuwa wengine walikuwa na kazi zao na mimi nilikuwa mwanamke asiye na mume. Nilimwogesha, nikamlisha uji. Mchana mmoja akafumbua macho, akaniuliza kwa sauti nzima kabisa, "Ule mpira uliwahi kuja?"

Sikuhitaji kuuliza mpira gani. Ningeweza kumdanganya, mgonjwa hudanganywa. Nikamwambia, "Hukuuagiza, baba."

Akageukia ukutani. Mpaka anafariki hakulitaja tena jambo lile. Sijui kama nilifanya vyema. Hadi leo sijui.

Basi mwanangu, nimekupa uchungu wangu, sasa chukua kilichomo ndani yake. Magari yenu ya siku hizi yana taa nyingi kuliko pikapu ya baba, mpaka nyingine sizijui, na nasikia wapo mafundi wanaozifuta kwa mashine, hawahitaji hata tepu. Lakini rangi ni zile zile. Ya kijani na ya buluu inakupa habari tu, kwamba umewasha hiki au kile. Ya njano inakuomba upeleke gari kwa fundi, na usiizoee, kwa maana taa iliyozoeleka ni sawa na iliyozibwa. Nyekundu maana yake simama. Iwe ya oili, iwe ya joto, iwe ya breki, simama mahali salama na uzime. Kila unapowasha gari, hasa gari la mtu mwingine, zungusha ufunguo uzitazame zote. Ikiwepo isiyowaka kabisa pale mwanzo, usifurahi. Uliza ni nani aliyeinyamazisha na alikuwa anaficha nini.

Mwenye gari akikuamuru uendeshe na nyekundu inawaka, mrudishie ufunguo wake, kwa adabu, hata kama ni baba yako, hata kama ni mkweo, hata kama wageni wanacheka. Utaitwa mwoga. Itauma, na huenda ukakosa kazi. Mjomba wangu alifanya hivyo akaitwa mwoga, na alikuwa na haki. Na ikiwa umekwishasema hawakukusikia, na kuna mtu unayempenda amepanda humo, usiridhike na kusema. Mshushe. Akununie mwaka mzima, lakini awepo wa kununa.

Na wewe utakapokuwa mwenye gari, wewe utakapokuwa mzee wa kukaa barazani, kijana wako akija kukuambia kuna taa inawaka, usiwatazame wageni. Mtazame yeye. Muulize, taa gani, tangu lini, nini kinatakiwa. Kisha agiza.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayoona na moyo usioona haya kusimama. Akufikishe uendako, na uliowapakia awafikishe, wote, kila upande wa gari. Na wewe binti unayenisikiliza hapo pembeni, uliyechaguliwa nawe kwenda bara, nenda ukasome. Mungu akurudishe ukiwa mwalimu.